Semeni, Kando

Je, mwenzangu, umewahi kumfunza mbwa atembee kando yako taratibu, asivute kamba hata jogoo akimpita puani? Kama hujawahi, basi jua kazi hiyo haitaki nguvu. Yataka vichwa vya dagaa, kamba fupi, na mtu asiye na pa kwenda kwa haraka.

Kahaso alikuwa navyo vyote vitatu. Asubuhi, chai ikishanywewa na vikombe vikishafunikwa, alitoka katika chumba chake cha kupanga pale Mishomoroni, kamba mkononi na vichwa vya dagaa vimefungwa kwenye pindo la leso. Mbwa alikuwa wa rangi ya mchanga, sikio moja limesimama, jingine limelala kama jani la mgomba baada ya upepo. Jina lake Semeni.

Jina hilo alipewa na Ngowa, mtoto wa Kahaso. Huko kwao Kaloleni jina la mbwa ni maneno ambayo mtu anataka jirani ayasikie pasipo kumwambia. Majirani walikuwa wamemsema sana Ngowa, ati mwanamume mzima na ndevu zake bado anapakuliwa wali na mamake. Hakugombana na mtu. Alileta mtoto wa mbwa, akasimama naye uani, akaita kwa sauti ya kistaarabu: Semeni, Semeni, njoo ule. Watu wakacheka, na maneno yakakatika.

Ngowa alikuwa fundi wa pancha kwenye njia ya kwenda Magogoni, mbele ya duka la Mansur. Viatu alijikatia mwenyewe, akala za tairi, na kwa kuwa hakupenda kutupa kitu, cha kulia alikikata katika tairi la lori na cha kushoto katika tairi la pikipiki. Cha kulia kikaacha alama pana kama matofali, cha kushoto mistari iliyopinda kama nywele zilizosukwa vibaya. Mtaa mzima ulizijua nyayo zake. Ukizikuta mchangani asubuhi, huna haja ya kuuliza kama fundi amefungua.

Siku aliyochukuliwa, gari jeupe lisilo na nambari lilisimama mbele ya pampu yake. Wakashuka wanaume waliovaa kiraia, mmoja ameshika redio ya mkononi. Walisema neno moja tu. Kando. Kando, kando. Watu wakakaa kando. Vijana wa bodaboda wakasogeza pikipiki kando. Mansur akavuta kando beseni lake la mbaazi, mvuke bado unatoka. Ngowa akatiwa garini, mlango ukafungwa, na Semeni, aliyekuwa amefungwa kwenye rimu mbovu, akabweka mpaka sauti ikamkauka.

Kahaso alikwenda kituo cha polisi. Akaambiwa akae kando angoje. Akaenda tena, akaambiwa akae kando, kuna watu wenye shida za kweli. Akaenda hospitali na vyumba vya maiti, na huko nako palikuwa na foleni, na foleni nazo zina mtu wa kumwambia mwenzake akae kando. Mwisho kijana wa dawati pale kituoni, jina lake Dancun, alimwambia kwa upole kwamba mtu hatafutwi kwa maneno matupu. Alete ushahidi kwamba kulikuwa na mtu, na kwamba alipita njia hiyo.

Kahaso akamwendea Mansur. Mansur alisema wallahi siku ile alikuwa ameinama, anakoroga mbaazi. Akawaendea vijana wa bodaboda. Nao walikuwa wameinama. Mtaa mzima ulikuwa umeinama asubuhi moja kwa wakati mmoja.

Ndipo akabaki na mbwa.

Mbwa mwenyewe alikuwa hafugiki. Alikua upesi, akawa na nguvu za punda, na kila akitoka alimburura Kahaso hadi kwenye jalala la vichwa vya samaki. Mwenye nyumba, Bi Mwanamkasi, mwanamke wa makamo na mwenye huruma zake, alivumilia mpaka siku mbwa alipoingiza ulimi katika sufuria ya wali. Alikwenda kuiosha mara saba, moja kwa udongo, kama sheria inavyotaka, na kila mara alipoimwagia maji alisema neno.

"Mama Ngowa, mimi sina ugomvi nawe," alimaliza. "Lakini mnyama huyu ama atembee kwa adabu kama mja wa Mungu, ama aende. Udongo wenyewe wa kuoshea nanunua wapi, mjini hapa?"

Kahaso hakuweza kumtoa. Kitu kingine alichoacha Ngowa kilikuwa pampu, na pampu haigeuki ukiiita. Akaanza kumfunza.

Kwanza alibadili kamba. Ngowa alimfunga kwa ukanda wa tyubu, na tyubu hunyumbuka, kwa hiyo mbwa hakujua hata siku moja kwamba anavuta. Kahaso akasuka kamba ya leso kuukuu, mikunjo mitatu, fupi na laini, ining'inie kama tabasamu katikati yao. Kisha alianzia ndani ya ua, mahali pasipo na kitu cha kutazama. Kichwa cha dagaa alikishika usawa wa goti lake la kushoto. Mbwa akija hapo, anapewa. Mbwa akitangulia na kamba ikakaza, Kahaso alisimama kama mlingoti, asimpige, asimvute, asiseme kitu, mpaka mbwa mwenyewe achoke, ageuke, amtazame usoni. Akimtazama, kamba ikalegea, safari ikaendelea.

Neno la kumwamrisha hakulitafuta. Lilikuwa tayari masikioni mwake, neno ambalo kwa muda wote ule alikuwa amelitii kuliko jina lake mwenyewe. Alisema, "Semeni, kando," naye Semeni akajifunza kwamba kando ni pale karibu kabisa na goti la mtu, mahali pa dagaa.

Walipoweza ua, wakatoka kichochoroni. Walipoweza kichochoro bila kuku, wakajaribu chenye kuku, kwa mbali kwanza, wakisogea kila siku kidogo. Mbwa akikaza macho kwa kuku, Kahaso alirudi nyuma hatua chache na kuanza upya. Watu walimwuliza kama amerukwa na akili, mwanamke mzima kwenda na kurudi kwenye kichochoro kimoja kama aliyeangusha sindano. Alisema anamfunza mbwa. Wakasema haya.

Asubuhi ambayo Semeni alipita mbele ya mama wa kukaanga viazi bila kugeuza hata sikio lile la kusimama, Kahaso aligeuka kuona wametembea kiasi gani. Mchangani palikuwa na nyayo zake za ndara, na nyayo za mbwa ubavuni. Upande wa pili wa mbwa palikuwa na nyayo za akala. Kulia matofali, kushoto nywele zilizosukwa vibaya. Zilikuwa zimeanzia kwenye kona, zikaja hadi pale aliposimama, nazo zimesimama.

Kahaso alimpa mbwa dagaa wake, kwa sababu mbwa akifanya vema hapewi kesho. Kisha akasema, "Twende basi." Nyayo zikaja pamoja nao, moja baada ya nyingine, mchanga ukibonyea taratibu. Paka akaruka ukutani, Semeni akamrukia, kamba ikakaza, na papo hapo akala zikakoma. Alipomtuliza na kumrudisha kando, zikaanza tena, nyuma kidogo, kama mtu aliyesubiri watu wamalize kelele zao.

Bi Mwanamkasi alikuja kuziangalia, akasimama mbali na mbwa, baibui amelikusanya mkononi.

"Ndiye," alisema. "Alikuwa hapendi fujo tangu utotoni." Akainama zaidi. "Lakini Mama Ngowa, nyayo za mtu mzima, uzito wa ndege."

Kahaso alisema huko aliko labda hali chakula vizuri.

Bi Mwanamkasi akamwambia yale aliyokuwa akiyaweka moyoni tangu gari jeupe: atandike mkeka, watu waje, walie, yeye mwenyewe atapika chai na wali wa watu wote. Kilio kikikaa ndani huoza, shoga yangu.

"Mkeka hautandikiwi mtu anayetembea," alisema Kahaso.

Basi mtaa ukazoea. Mama wa viazi aliacha kumwaga maji njiani saa za Kahaso kupita, asije akaziharibu. Vijana wa bodaboda waliinua miguu. Mansur, ambaye beseni lake lilikaa katikati ya njia yao, aliliinua kwa mikono miwili nyayo zipite, na siku moja akawatolea salamu, Ngowa habari za siku nyingi. Kahaso alisimama, akamwita mbwa kwa sauti, kama mwanawe alivyokuwa akimwita: Semeni. Mansur akatazama ndani ya beseni. Alikuwa anakoroga mbaazi.

Njiani Kahaso alimwambia mwanawe habari ndogondogo: kwamba bei ya unga imepanda, kwamba pampu ameifunika gunia isipate kutu, kwamba binti wa nyumba ya nyuma, yule aliyekuwa akileta baiskeli isiyo na pancha ili izibwe, ameolewa Bombolulu. Hakumwuliza yuko wapi. Alichelea asije akajibiwa.

Badala yake alifikiria kituo. Dancun alitaka ushahidi kwamba kulikuwa na mtu na kwamba alipita njia hiyo. Sasa ushahidi ulikuwepo, wenye matofali na nywele, na mtu yeyote mwenye macho angeusoma. Ilibaki tu kuufikisha. Lakini toka Mishomoroni hadi kituoni pana nyama inayochomwa, pana mbuzi wanaokula katoni, pana gari za maji zinazopiga honi, pana shule, na watoto wa shule wana vipande vya mahamri. Mbwa akishindwa mahali pamoja tu, akala zingekoma hapo, na Kahaso angefika dawatini na maneno matupu yaleyale.

Kwa hiyo alifunza njia kipande kwa kipande, kama mtu anavyoshona mkeka, ukili mmoja ukishikana vizuri ndipo anaongeza mwingine. Kwenye nyama ya kuchoma walikaa siku nyingi. Alimkalisha mbali, mahali harufu inafika imechoka, akampa dagaa kila alipogeuza uso kutoka kwenye moto kumtazama yeye. Mwenye kuchoma nyama alimtania kwamba mbwa huyo atakuwa sheikh. Mvua ikaanza na kwisha. Semeni akafika mahali ambapo mbuzi angeweza kumkanyaga mkia naye akatazama goti la Kahaso tu, kana kwamba duniani hakuna kitu kingine.

Ukimtazama Kahaso mwenyewe, naye alikuwa vivyo hivyo. Hakugeuza shingo kwa honi wala kwa jina lake.

Walifika kituoni asubuhi njema yenye upepo, wamepita vyote, kamba imelegea toka mlango wa chumba hadi mlango wa serikali. Nyayo za akala zilipanda ngazi. Juu ya vigae vyeupe zilitoka kwa vumbi jekundu, safi kama muhuri. Foleni ikazipisha.

Dancun aliinua kichwa. "Mathe, hapa si kwa daktari wa mifugo."

"Hujambo mwanangu. Nimemleta," alisema Kahaso. "Ulisema nilete ushahidi."

Dancun alisimama, akaegemea kaunta, akachungulia chini. Alizitazama nyayo jinsi mtu anavyotazama kitambulisho, picha kwanza, kisha mwenye picha.

"Akala. Si huyu ni yule msee wa pancha?"

"Ndiye."

"Na ametembea kutoka kwenu hadi hapa?"

"Ametembea. Watu wote wamemwona."

"Basi, mathe, hiyo kesi imeisha," alisema Dancun, na kwa kweli alifurahi kwa ajili yake. "Mtu anayetembea hajapotea. Ako na miguu, ako na viatu, akitaka kurudi home atarudi. Watu wa kupotea ni wale hawaonekani."

Kahaso aliyasikia maneno hayo. Yalikuwa yake mwenyewe, amemwambia Bi Mwanamkasi kwa kinywa chake, na sasa yamerudi yamevaa sare. Alifungua mdomo.

"Sasa kaa kando, wengine wahudumiwe," alisema Dancun.

Semeni alikuwa mbwa aliyefunzwa vizuri. Alisikia kando, na aliyesema alikuwa upande wa pili wa kaunta. Akapita kwenye uwazi wa kaunta, akazunguka kiti, akakaa karibu na goti la kushoto la Dancun, akainua uso kungoja dagaa. Kamba ilimponyoka Kahaso mkononi.

Nyayo za akala zikamfuata. Lakini hazikukaa. Zilimpita mbwa, zikampita Dancun, zikashika ukumbi wa nyuma kama za mtu anayeijua njia. Mlangoni mwa chumba kilichofungwa kufuli zikasimama, zote mbili zimeelekea mlango, na hapo vumbi likawa jekundu mno, unyayo juu ya unyayo juu ya unyayo, kama mahali aliposimama mtu muda mrefu sana. Kisha zikatoka kwenda uani. Uani hazikuwa nyayo tena. Ilikuwa mistari miwili, ya visigino, mmoja mpana na mmoja mwembamba, imeburuzwa mchangani moja kwa moja hadi kwenye buti la gari jeupe lisilo na nambari, lililoegeshwa kivulini. Hapo ikaisha.

Watu wa foleni walikuwa wamesogea mpaka ukumbini, wakaona. Mzee mmoja alivua kofia. Mwanamke aliyekuja kwa habari ya simu iliyoibwa akasema atarudi siku nyingine.

Dancun naye aliona. Alisimama kidogo, mikono mifukoni. Halafu alimwita mfagizi, akamwambia sakafu imechafuka na mkubwa akija atauliza. Mfagizi akaja na ndoo na tambara, akaanzia ukumbini, akapiga vigae vyote mpaka kwenye ngazi. Uani alipitisha fagio. Gari halikuguswa. Alasiri lilitoka, na jioni likarudi.

Kurudi nyumbani, Semeni alitembea vizuri na akala zikatembea naye, upande uleule, hatua zilezile, uzito uleule wa ndege. Kahaso hakumwambia habari yoyote njiani.

Tangu hapo alikwenda kila wiki. Nyayo zilipanda ngazi, zikamfikia mbwa, zikampita Dancun, zikasimama mlangoni pa kufuli, zikaburuzwa hadi pale gari linapokaa, liwepo au lisiwepo. Mfagizi alizoea kuweka maji tayari. Kituo kikanunua zulia la rangi ya vumbi, likawekwa ukumbini, na mambo yakawa rahisi zaidi. Dancun akawa anamkuna Semeni nyuma ya lile sikio lililolala, na wakati mwingine akamwekea kipande cha chapati. Mwenye kuchoma nyama aliwaza kuongeza mwavuli upande wanaopita. Mansur aliinua beseni. Bi Mwanamkasi aliacha kutaja mkeka, lakini alikuwa ameununua, mpya, umekunjwa na kusimamishwa nyuma ya mlango wake, na Kahaso alikuwa ameuona.

Na kila wiki Dancun alipomwuliza anataka nini, Kahaso alijibu kama mtu mwenye adabu anavyojibu mbele ya dawati: nataka mnisaidie tu, mwanangu. Akaambiwa akae kando, akaenda kukaa kwenye benchi la ukutani, mikono juu ya leso, mpaka mfagizi amalize.

Ikaja wiki yenye joto, watu wengi, feni imekufa. Nyayo zilikuwa zimekwisha kupanda ngazi, zikasimama sawa na kaunta. Dancun alifuta shingo.

"Mathe, mbwa ameshafunzika. Hata mimi nimemzoea, wallahi," alisema, maana naye alikuwa amekaa Pwani vya kutosha kuokota neno hilo. "Lakini kila wiki, kila wiki. Unataka tukusaidie na nini?"

Nyuma ya Kahaso foleni ilikohoa.

"Haya, kaa kando, mathe. Wengine wapite."

Semeni akainuka, akazunguka kaunta, akakaa gotini pa Dancun. Akala zikapita, zikaingia juu ya zulia, zikashika njia yake. Wa foleni wakasogea. Benchi la ukutani lilikuwa wazi.

Kahaso hakulitazama. Alisimama palepale kama mlingoti, kama alivyosimama vichochoroni kamba ilipokaza, akamtazama kijana usoni mpaka kijana akamtazama. Hakupaza sauti. Alisema taratibu, kila neno mahali pake, jinsi anavyosema na mbwa.

"Leo sikai kando. Nipeni mwanangu nizike."